Fatty Arbuckle: mahakama ilimwachia, Hollywood ikamfungia

Charlie Chaplin hata mtoto wa darasa la pili anamjua, kile kimasharubu, kile kifimbo, yale maviatu na ile suruali pana kama gunia la mkaa. Sasa ile suruali, kwa jinsi wenzake wa siku zile walivyosimulia, haikuwa yake. Aliiazima kwa jamaa mmoja bonge waliyekuwa wanafanya naye kazi studio ya Keystone mwaka 1914, na huyo bonge wakati ule alikuwa staa wakati Chaplin ndo kwanza anatafuta namna ya kutoka. Leo Chaplin yuko kwenye mafulana na vikombe vya chai, mwenye suruali ukisachi jina lake unakutana na neno moja tu: kesi.

Jina lake ni Roscoe Arbuckle, ila dunia ilimwita Fatty, yaani Bonge. Na kesi yenyewe ni ya mwaka 1921, ya kifo cha mwigizaji mmoja dada anaitwa Virginia Rappe. Nimeona watu wanaisimulia hii stori kwa namna mbili tu. Wengine wanasema jamaa alikuwa mnyama akaponyoka kwa hela zake. Wengine wanasema alikuwa malaika aliyesingiziwa na kundi la matapeli. Wote wanakosea sehemu ileile, wanachukua maswali matatu tofauti wanayakoroga kwenye sufuria moja: nini kilitokea ndani ya kile chumba, mahakama iliamua nini, na nani aliyemuulia kazi yake. Majibu ya hayo maswali hayafanani hata kidogo, na la mwisho ndo watu wengi hawalijui kabisa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kazaliwa tarehe 24 Machi 1887 kule Smith Center, jimbo la Kansas, na inasimuliwa alizaliwa mkubwa kupita kiasi, zaidi ya kilo tano na nusu, mpaka baba yake ambaye alikuwa mwembamba (na mama naye mwembamba) akaanza kushuku kwamba huyu mtoto sio wangu. Akampa jina la Roscoe Conkling, seneta wa New York ambaye baba mtu alikuwa hampendi hata kumsikia. Hebu fikiria unampa mwanao jina la mtu unayemchukia. Familia ikahamia California, mama akafariki dogo akiwa bado hajafika hata miaka 13, baba hataki kumlea, kwaiyo akajikuta anahangaika mwenyewe, anafanya vibarua hotelini na kuimba. Na kuimba alikuwa anajua kwelikweli, sauti nzuri, akaingia kwenye yale maonyesho ya jukwaani ya Marekani ya kipindi hicho ambapo usiku mmoja unaona mwimbaji, mtu wa mazingaombwe, mbwa anayecheza na mchekeshaji, wote tiketi moja. Mwaka 1908 akamuoa Minta Durfee, mwigizaji mwenzake, na mwaka 1909 akaanza kugusagusa sinema.

1913 akaingia Keystone kwa Mack Sennett, pale Los Angeles. Hiyo ndo studio ya wale mapolisi wanaokimbizana wanagongana na kurushiana mapai usoni. Hapo ndo Bonge akawaka. Kitu ambacho ukiangalia zile filamu leo kinakushangaza ni wepesi wake. Mtu wa kilo zaidi ya 120 anapiga sarakasi ya kinyumenyume anatua kama paka, anacheza dansi, anarusha pai mkono wa kulia na mwingine wa kushoto kwa wakati mmoja pande mbili tofauti na yote yanafika. Inasemekana alikuwa hataki zile komedi za bei rahisi za mtu mnene kukwama mlangoni au kwenye kiti. Na nje ya kamera ukimwita Fatty alikuwa anakwambia nina jina langu. Alicheza filamu nyingi sana na Mabel Normand, mwigizaji wa kike wa hapohapo Keystone, na kwa maoni yangu hao wawili pamoja walikuwa watamu kuliko Chaplin yule wa mwaka wa kwanza, nipigeni mawe.

Alafu sio mwigizaji tu, alikuwa anaongoza filamu zake mwenyewe. Mwaka 1917 alianzisha kampuni ya filamu ya Comique na prodyuza Joseph Schenck, na mwaka huohuo New York akamkaribisha kijana mmoja wa jukwaani aje ajaribu sinema. Huyo kijana ni Buster Keaton, aliyekuja kuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa filamu zisizo na sauti. Keaton alisimulia baadaye kwamba kitu cha kwanza alichotaka ni kujua ile kamera inafanyaje kazi, na Arbuckle akamfungulia kila kitu, akamwonyesha, akamfundisha. Filamu yao ya kwanza ni The Butcher Boy. Mwaka huohuo kwenye filamu nyingine, Arbuckle anachoma mikate midogo kwa uma mbili anaichezesha mezani kama miguu. Kama umeona Chaplin akifanya hivo na ukasema huyu jamaa jiniasi, Chaplin aliifanya mwaka 1925, miaka minane baadaye. Chaplin aliifanya vizuri zaidi, hilo sibishi, ila mkate ulishachomwa uma zamani.

Studio ya Paramount wakamchukua, na kufika 1921 alikuwa na mkataba wa karibu dola milioni moja kwa mwaka. Kwa hela ya mwaka 1921! Nyumba kubwa Los Angeles, magari ya kutengenezewa kwa oda, na kazi juu ya kazi, mwaka huo alipiga filamu ndefu kadhaa mfululizo karibu bila kupumua. Kwaiyo ilipofika wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo Marekani ni mwezi wa tisa, akaamua kwenda San Francisco kupumzika, yeye na washkaji wawili, Lowell Sherman na Fred Fishback. Wakachukua vyumba vitatu ghorofa ya 12 hoteli ya St. Francis: 1219, 1220 na 1221. Cha katikati, 1220, ndo kikawa cha kukutania watu.

Sasa hapa twende taratibu. Jumatatu tarehe 5 Septemba watu wakaanza kuingia, pombe ipo, na kumbuka Marekani nzima pombe ilikuwa marufuku kisheria tangu 1920, kwaiyo tayari hiyo pati ni kosa. Miongoni mwa waliofika ni Virginia Rappe, mwigizaji na mwanamitindo, alikuwa amefika mjini na mwanamke anaitwa Maude Delmont ambaye hata hawakuwa wamejuana muda mrefu. Mchana kwenye saa tisa hivi Rappe akakutwa ndani ya 1219, chumba cha Arbuckle, ana maumivu makali ya tumbo, analia, anavua nguo. Waliokuwepo wakadhani kalewa. Wakamweka kwenye maji baridi, wakamwekea barafu, daktari wa hoteli akaja akaona ni pombe tu, akampa dawa ya maumivu. Akalala palepale hotelini siku tatu. Siku tatu! Alipokuja kupelekwa hospitali ilikuwa tarehe 8, na tarehe 9 akafariki. Kibofu cha mkojo kilikuwa kimepasuka na maambukizi yakasambaa tumboni. Enzi hizo hamna antibayotiki, ukishafika hapo umefika.

Nini kilipasua kile kibofu? Hilo ndo swali la kwanza, na hapo hakuna anayeweza kukuhakikishia kitu, kwasababu waliokuwa ndani ya kile chumba kwa zile dakika ni wawili na mmoja kafa. Arbuckle alieleza mahakamani kwamba aliingia chumbani kubadili nguo, akaenda kufungua mlango wa bafu ukagonga mtu, akamkuta Rappe yuko chini anatapika, akambeba akamlaza kitandani, akampa maji, aliporudi kutoka bafuni akamkuta kaanguka chini, akaita wengine. Kama dakika kumi hivi jumla. Upande wa mashtaka ukasema hapana, alijifungia naye humo muda mrefu, akamlazimisha, na ule uzito wake ndo ulipasua kibofu. Mawakili wake wakaleta ushahidi wa kitabibu kwamba yule dada alikuwa na tatizo la kibofu la muda mrefu na kibofu kibovu kinaweza kupasuka bila mtu kukugusa. Na ile stori chafu ambayo utaikuta kila kona mpaka leo, kwamba alimdhalilisha kwa chupa, haijawahi kutolewa ushahidi wowote kwenye kesi zote. Ni uvumi wa mtaani ulioota miguu. Ukiona mtu anaisimulia kama ukweli jua hajasoma kesi.

Maude Delmont ndo aliyesaini yale malalamiko ya kwanza ya mauaji. Tatizo ni kwamba kila akieleza, maelezo yanabadilika, mpaka mwendesha mashtaka wa San Francisco, Matthew Brady, akaona huyu nikimpandisha kizimbani mawakili watamchana vipande. Kwaiyo shahidi aliyeanzisha kesi nzima hakuwahi kutoa ushahidi kwenye kesi hata moja kati ya tatu. Juu ya hapo akakutwa na kosa lake mwenyewe la kuolewa na mwanaume mwingine wakati ndoa ya kwanza haijavunjwa. Brady badala ya kurudi nyuma akasonga mbele na mashahidi waliobaki, wasichana wawili waliokuwa kwenye pati, Alice Blake na Zey Prevon. Mwanzo ilidaiwa wamemsikia Rappe akisema ameniua, baadaye ikawa ameniumiza, na kwenye kesi ya pili Prevon akasema kwamba alilazimishwa na ofisi ya mwendesha mashtaka kusema vile. Yani kesi ilikuwa inavuja kama paa la makuti ya zamani.

Ila nje ya mahakama paa lilikuwa zima kabisa. Magazeti ya William Randolph Hearst, lile la San Francisco likiwa mbele, yaliandika kila siku, vichwa vya habari vikubwa, picha, na wanasema Hearst mwenyewe alijisifu kwamba hii kesi imeuza magazeti kuliko kuzama kwa meli ya Lusitania. Uone uzito wa picha: bonge tajiri, binti mrembo, hoteli, pombe ya magendo. Unene ambao juzi ulikuwa unachekesha ghafla ukawa ushahidi. Filamu yake iliyokuwa inaonyeshwa Los Angeles ikaondolewa haraka. Alikaa jela karibu wiki tatu bila dhamana, na huyo mtu bado hajahukumiwa chochote. Jaji Sylvain Lazarus alipopitia ushahidi wa awali akaona kesi ya kuua kwa kukusudia haisimami, ikashushwa kuwa kuua bila kukusudia, ndo Arbuckle akatoka kwa dhamana mwisho wa Septemba.

Swali la pili sasa, mahakama. Kule wanatumia juri, raia 12 wa kawaida wanakaa kusikiliza halafu wao ndo wanaamua ana hatia au hana, na lazima wote wakubaliane. Usilinganishe na wazee wa baraza wa kwetu, hao wanatoa maoni na jaji anaweza kuyaweka pembeni. Kule juri wakisema wamesema, ila wakigawanyika kesi inaanza upya. Kesi ya kwanza ilianza Novemba 1921, Arbuckle akapanda mwenyewe kujieleza, na wanasema alieleza vizuri. Juri wakakaa zaidi ya saa 40, kura 10 wamwachie, 2 hapana. Ikashindikana. Kesi ya pili Januari 1922, mawakili wake wakajiamini kupita kiasi, wakasema hamna haja ya yeye kupanda tena, juri wakasomewa tu maelezo yake ya zamani. Juri wakatafsiri ukimya wake kama hatia, safari hii wengi wakataka atiwe hatiani. Nayo ikashindikana. Hapo ndo pazuri pa kujifunza kwamba mtu asiye na la kuficha akinyamaza watu wanajaza wenyewe.

Kesi ya tatu ikaanza Machi 1922, kiongozi wa mawakili Gavin McNab hakufanya tena mchezo, akampandisha Arbuckle, akapasua kila shahidi wa upande wa pili. Tarehe 12 Aprili juri wakatoka kwenda kujadiliana wakarudi baada ya kama dakika sita, na sehemu kubwa ya hizo dakika walikuwa wanaandika barua. Ndio, barua ya kumuomba radhi! Waliandika kwamba kumwachia huru tu hakutoshi kwa Roscoe Arbuckle, kwamba wanaona ametendewa dhuluma kubwa na hamna ushahidi hata kidogo wa kumhusisha na kosa lolote. Ni nadra sana, juri kazi yake ni kusema hana hatia basi wanaenda nyumbani. Kosa pekee lililombakia ni la pombe, akalipa faini ya dola 500. Gharama za mawakili zilipita dola laki saba, akauza nyumba, akauza magari.

Kwaiyo kisheria yameisha, msafi. Limebaki swali la tatu, nani alimuulia kazi. Hapa ndo watu wanafunga stori na kusema basi alirudi ila mashabiki wakawa hawamtaki tena. Sio hivo. Siku sita baadaye, tarehe 18 Aprili 1922, bwana mmoja anaitwa Will Hays akatangaza kwamba Arbuckle amefungiwa, haruhusiwi kufanya kazi kwenye filamu na filamu zake zisionyeshwe. Hays sio jaji. Hays alikuwa waziri wa posta wa Marekani, mwanasiasa mwenye sifa ya uchamungu, ambaye wamiliki wa studio walimuajiri mapema mwaka huohuo kwa mshahara wa dola laki moja kwa mwaka aje awe uso safi wa tasnia yao.

Kwanini walimuhitaji? Kwasababu walikuwa wanaogopa serikali. Majimbo kadhaa yalishakuwa na bodi za kukagua filamu, New York wakaanzisha ya kwao mwaka 1921, na makundi ya dini na ya akina mama yalikuwa yanataka sheria kila mahali. Kwa mabosi wa studio hiyo ni hasara, kila jimbo linakata filamu linavyotaka. Bora tujisafishe wenyewe kabla hatujasafishwa. Mambo yenyewe yakawa yanazidi kuwa mabaya, Februari 1922 muongozaji William Desmond Taylor akauawa kwake Los Angeles na Mabel Normand, yule mwenzake Arbuckle wa zamani, akaingizwa kwenye skendo kwasababu alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kumuona. Studio ya Universal walishaanza kuweka kipengele cha maadili kwenye mikataba tangu Septemba 1921, ukiharibu jina nje ya kazi mkataba unakatwa. Kipengele hicho mastaa wanasaini mpaka leo, na mzizi wake mmoja uko kwenye kile chumba 1219.

Ukilielewa hilo unaona kwamba kufungiwa kwa Arbuckle hakukuwa hukumu ya kilichotokea San Francisco. Kulikuwa ni kafara. Paramount walikuwa tayari na filamu zake kabatini, zimegharimu hela, wangeweza kuzitoa, ila walipiga hesabu wakaona kumpoteza mtu mmoja wa dola milioni ni nafuu kuliko kuletewa sheria ya serikali. Na ndo maana, ukiniuliza mimi, hata zile kesi zingeisha siku ya kwanza bado angekuwa amekwisha. Mahakama ilikuwa inajibu swali la Rappe, wale mabosi walikuwa wanajibu swali la biashara. Desemba 1922 Hays akamfungulia, kwenye karatasi. Wenye majumba ya sinema wengi wakagoma kuweka filamu zake, kwaiyo kufunguliwa kwenyewe kukawa kama kurudishiwa funguo za nyumba iliyokwisha uzwa.

Waliobaki naye ni wachache. Keaton alibaki, tena kwa vitendo, akamgawia sehemu ya mapato ya kampuni yake. Na inasemwa ni Keaton huyo aliyeleta utani wa jina jipya: Will B. Good, yaani nitakuwa mtoto mzuri. Likalainishwa kuwa William Goodrich, na kwa jina hilo Arbuckle akaongoza filamu kwa miaka kadhaa akiwa nyuma ya kamera. Sasa kaa chini nikwambie hii: mwaka 1927 huyo Goodrich aliongoza The Red Mill, staa wake Marion Davies, mpenzi wa William Randolph Hearst, filamu ya kampuni ya Hearst mwenyewe. Hearst yuleyule wa magazeti. Nimejaribu kuliwaza hilo mara nyingi, yule bwana anamlipa mshahara mtu aliyemuuza kwa senti gazeti moja moja, na wote wanajua.

Mwigizaji Louise Brooks aliyefanya naye kazi miaka ya mwanzo ya thelathini alisema jamaa alikuwa anakaa tu kwenye kiti chake kama mtu aliyekufa. Ndoa ya Minta ilivunjika 1925, japo Minta ndo alisimama naye mahakamani siku zote zile ingawa walikuwa wameshatengana. Akaoa tena, ikavunjika tena, akafungua ukumbi wa starehe Culver City. Hatimaye 1932 studio ya Warner wakamwita New York kufanya filamu fupi sita za vichekesho, za sauti safari hii, jina lake halisi kwenye bango. Watu walicheka. Uingereza wakaguzi waliikataa ile ya kwanza, Marekani zilipita vizuri. Usiku wa tarehe 28 Juni 1933 alikuwa ametoka kumaliza ya mwisho, amepewa nafasi ya kufanya filamu ndefu, anasherehekea mwaka mmoja wa ndoa na mke wake wa tatu, Addie McPhail, akalala. Moyo ukasimama usingizini. Alikuwa na miaka 46.

Na yule dada je? Hapa ndo wanaomtetea Arbuckle wananikera. Ili yeye aonekane msafi walimchafua Rappe, mawakili walianza na waandishi wakaendeleza miaka na miaka: mlevi, malaya, katoa mimba ngapi sijui. Haikuhitajika. Unaweza ukaamini jamaa hakufanya kitu na bado ukakubali kwamba kuna binti alikufa kwa maumivu huku watu wamemzunguka wanasema kalewa tu. Alizikwa Hollywood. Mchumba wake alikuwa Henry Lehrman, muongozaji, mtu wa Keystone, aliyewahi kuwaongoza Arbuckle na Chaplin wote wawili, maana kale kamji ka sinema kalikuwa kadogo hivo. Lehrman alipofariki mwaka 1946 akazikwa pembeni yake. Arbuckle hana kaburi, alichomwa na majivu yake yakamwagwa bahari ya Pasifiki.